Nyumba za kupangisha za bei nafuu kando ya ziwa Kivu: mwongozo kamili wa kiwanja, kibali na ujenzi Bukavu

Mtu akijenga karibu na ziwa hapa Bukavu kisha pesa zikamwishia njiani, mara nyingi simenti haina kosa. Pesa zimeliwa na ukuta wa kuzuia udongo ambao hakuupangia bajeti, au na kiwanja alichokilipia mara mbili kwa sababu muuzaji wa kwanza hakuwa na haki ya kuuza, au na chumba kilichobomolewa kwa kuwa kilivuka mstari wa maji. Hasara zote hizo hatimaye humwangukia mpangaji kupitia kodi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na fundi mwashi. Unafuu wa nyumba huamuliwa kwenye kiwanja na kwenye dosie (faili la karatasi), kabla jiwe la kwanza halijalazwa.

Mfano tutakaoufuata ni wa safu moja ya nyumba nne ndogo, kila moja mita 5 kwa 6, zinazojengwa na familia chache zilizochangishana au na mwenye kiwanja anayetaka kupangisha watu wa kipato cha chini, upande wa Ibanda au Bagira unaotazama ziwa. Safu nzima ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 6. Hesabu zote hapa chini ni za safu hiyo; badilisha vipimo kulingana na kiwanja chako.

Kabla ya kutoa hata dola moja: mstari wa maji

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Kuhusu ziwa inakwenda mbali zaidi: sakafu ya ziwa ni mali ya umma, nayo inafika hadi pale maji yanapopanda wakati wa mafuriko ya kawaida ya kila msimu. Eneo hilo haliuzwi na mtu yeyote, awe shefu, familia kongwe au mwenye sertifika ya kiwanja cha juu yake. Wanaojaza vifusi majini ili kupata mita chache za kujengea wanajenga juu ya mali ya umma, na karatasi yoyote watakayoonyeshwa haibadilishi hilo.

Juu ya mstari huo kuna ukanda usiojengwa. Kipimo ambacho maafisa hutaja sana ni mita 10. Usikichukue kwa mdomo. Omba kichorwe kwenye plani ya kiwanja chako, na mtu wa Kadastri (ofisi ya upimaji wa ardhi) atie sahihi.

Pima mwenyewe kabla ya kumwita yeyote. Nenda mwezi wa nne au wa tano, mvua zikiwa zimekolea, utafute alama ya juu kabisa ya maji: utepe wa majani makavu na takataka uliobaki ufukweni, au rangi tofauti kwenye mawe. Waulize wavuvi na akina mama wanaofua hapo maji yalifika wapi miaka iliyopita, kwa sababu kina cha Kivu hakitulii mahali pamoja, na bwawa la Ruzizi I, kwenye mto unaotoka ziwani, nalo lina sehemu yake katika kupanda na kushuka kwake. Kisha pima kwa kamba iliyonyooka usawa, isiyolala juu ya udongo. Kwenye mteremko wa asilimia 40, ukilaza kamba chini na kuhesabu mita 10, umbali halisi ni mita 9.3 tu. Sentimita 70 hizo ndizo zinazobomoa veranda.

Mteremko na udongo unaotembea

Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, urefu wa mita 15, na fito mbili zenye alama za sentimita. Jaza maji, hakikisha hakuna kibofu cha hewa, simamisha fito moja juu na nyingine mita 10 kuelekea chini kwa usawa, kisha soma tofauti ya maji kwenye fito zote mbili. Tofauti ya mita 3 ni mteremko wa asilimia 30. Fanya hivyo sehemu tatu za kiwanja, si moja.

Namba hiyo inakuambia safu ilale vipi. Ukiilaza kufuata usawa wa mlima, upana wa mita 6 kwenye asilimia 30 unadai mkato wa mita 1.8 nyuma ya nyumba. Ukiielekeza kupanda mlima, urefu wa mita 20 unadai tofauti ya mita 6, yaani ngazi kubwa kati ya nyumba na nyumba, kila moja ikiwa na ukuta wake wa kuzuia udongo. Hakuna nyumba ya bei nafuu itakayotoka hapo. Udongo wa mkato nao usiumwage upande wa chini na kuujengea: udongo uliomwagwa hushuka mvua ya kwanza, na nusu ya nyumba hushuka nao.

Mji huu umekaa juu ya udongo mfinyanzi mwingi unaoteleza ukishiba maji. Funu, huko Kadutu, ardhi inatembea polepole miaka nenda rudi, na watu wamejenga juu yake. Kwenye kiwanja unachotaka kununua, tazama miti: shina lililopinda chini kisha likanyooka juu linasema udongo ulisogea mti ukiwa bado unakua. Tafuta nyufa za umbo la mwezi mchanga juu ya mlima, chemchemi zinazotoka mahali pasipotarajiwa, milango ya majirani isiyofunga. Ukikuta alama mbili kati ya hizo, achana na kiwanja hicho hata kama bei yake inavutia. Bei hiyo ina sababu.

Kuna na mitetemeko. Ule wa tarehe 3 Februari 2008, wa kipimo cha 5.9, uliangusha kuta nyingi za matofali zisizo na shenaji (mkanda wa zege na nondo unaofunga kuta). Tutarudi huko.

Karatasi za muuzaji

Hapa ndipo watu hukimbilia, na hapa ndipo pa kwenda taratibu. Muuzaji atakuletea moja au zaidi ya karatasi hizi: hati ya shefu wa avenyu (barabara) au wa kartie (mtaa), fiche parcellaire (karatasi ya kiwanja) ya komine, mkataba wa kupangisha ardhi kutoka Serikalini, au sertifika ya usajili. Hazilingani hata kidogo. Kisheria, haki ya kutumia kiwanja inathibitishwa na sertifika ya usajili peke yake. Mkataba wa kupangisha ardhi ni wa muda, hauzidi miaka 3, na unamlazimu mwenye nao akiendeleze kiwanja ndani ya muda huo. Fiche ya komine na hati ya shefu zinaonyesha kwamba mtu anajulikana pale. Ni ushahidi wa maana lakini hazimpi umiliki.

Usiamini nakala iliyo mkononi mwa muuzaji. Andika namba ya kiwanja ya Kadastri na namba ya sertifika, uende mwenyewe kwenye ofisi ya Konservateri wa hati za ardhi, uombe kwa barua wakuthibitishie mambo matatu: jina lililoandikwa kwenye kitabu, kama kuna rehani au zuio la mahakama, na kama kiwanja kimekatwa vipande. Lipa benki kwa note de perception (hati ya malipo ya Serikali), ukatae kulipa mkononi, na uhifadhi risiti. Kisha omba Kadastri watume mpimaji mje pamoja kuona borni (mawe ya mipaka) zote nne. Borni iliyosogezwa mita moja kuelekea ziwani ni ugomvi wa miaka kumi na jirani.

Sertifika iliyopita miaka miwili bila kupingwa huwa ngumu sana kuitikisa. Kwa hiyo itazame tarehe: sertifika ya miezi mitatu, ya kiwanja ambacho familia nyingine inaishi juu yake, ni onyo kubwa.

Tangu Februari 2025 mji uko mikononi mwa kundi lenye silaha la AFC/M23, na maswali kuhusu nani alitia sahihi nini hayataisha karibuni. Kwa kila karatasi utakayopewa sasa, andika pembeni tarehe, jina na cheo cha aliyetia sahihi. Usimkabidhi mtu karatasi asili ya zamani ili abadilishe, mpe nakala. Piga picha za dosie nzima uzihifadhi kwa ndugu aliye nje ya mji.

Jina la nani kwenye sertifika

Vikundi vingi huvunjika kwa swali hili, kwa sababu haliulizwi mapema. Haki ya kudumu ya kutumia ardhi inatolewa kwa mtu binafsi raia wa Kongo tu. Chama au koperative, hata kikiwa cha Wakongo watupu, kinapata haki ya muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Kwa hiyo mna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuandika majina yenu yote kwenye sertifika moja kama wamiliki wa pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Mnapata haki ya kudumu, lakini kifo au talaka ya mmoja inawagusa wote. Ya pili ni koperative kwa sheria ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambayo Kongo imo tangu 2012: ile ya aina nyepesi inahitaji watu watano tu kuanzishwa. Miaka yenu ina mwisho, ila mwanachama anatoka na kuingia bila kugusa sertifika.

Kwa nyumba za kupangisha zinazokusudiwa zibaki nafuu, sisi tunapendelea koperative. Mmoja akitaka kuuza, hauzi chumba, anauza hisa, na katiba inaweza kuamua hisa hiyo iuzwe kwa bei gani. Njia ya tatu, ya kuandika jina la mmoja wenu kwa kuaminiana, ndiyo inayotumika zaidi na ndiyo inayojaza mahakama. Aliyeandikwa akifa, watoto wake wanarithi kiwanja chenu chote.

Dosie ya kibali cha kujenga

Kibali kinaombwa kabla ya kuchimba. Agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013 ndilo linaloongoza utoaji wake nchini kote. Nani anatia sahihi kunategemea ukubwa na ghorofa, kwa hiyo swali la kwanza kwenye ofisi ya Urbanismi (mipango miji) liwe hili: kwa safu ya chini isiyo na ghorofa, dosie inaishia kwenye meza gani? Jibu hilo linakuokoa safari za kuzungushwa.

Peleka nakala tatu, kila moja ikiwa na:

- barua ya maombi, na nakala ya kitambulisho au katiba ya koperative;
- nakala ya sertifika au ya mkataba wa ardhi;
- plani ya mahali kiwanja kilipo, yenye barabara na majirani;
- plani ya kiwanja chenyewe, ikionyesha mstari wa maji, ukanda usiojengwa, borni, shimo la choo na mahali maji ya mvua yanapoelekea;
- plani ya vyumba, michoro miwili ya mkato (mmoja ukikata mlima kutoka juu hadi ziwani) na sura za nyumba;
- maelezo ya vifaa na makadirio ya gharama, yenye sahihi ya msanifu anayetambuliwa.

Mchoro wa mkato wa mlima ndio unaosahaulika, na ndio unaorudisha dosie nyingi za kando ya ziwa. Bila huo, afisa haoni kama nyumba iko juu ya udongo wa asili au juu ya udongo uliomwagwa. Uchore kwa vipimo vya mpira wako wa maji, sakafu ya kila nyumba ikiwa na namba ya kimo chake juu ya ziwa.

Mradi ukizidi safu moja, ukawa na makumi ya nyumba, jiandae kuulizwa habari ya athari kwa mazingira, kwa msingi wa sheria ya tarehe 9 Julai 2011 na dekri ya Agosti 2014. Gharama ya utafiti huo iingizwe kwenye bajeti mapema, isije ikapandishwa juu ya kodi.

Ukiwasilisha, dai risiti yenye muhuri na namba ya dosie. Mkaguzi akija kiwanjani, awepo mtu anayejua plani, na borni ziwe zimefyekwa nyasi. Mkaguzi asiyeona borni haandiki ripoti nzuri. Kibali kikitoka, soma muda wake wa mwisho na masharti ya nyuma ya karatasi, na uweke kibao kiwanjani chenye namba yake.

Kuufanya unafuu uwe sharti, usiwe ahadi

Mwenye kiwanja anasema leo atapangisha kwa bei ya watu wa chini. Barabara ikitengenezwa, mtu wa pesa akatokea anayetaka kuona maji asubuhi, neno hilo limekwisha. Kibali cha kawaida hapa kwetu kinatazama jengo, hakiulizi nani ataishi ndani. Kwa hiyo unafuu lazima muuandike ninyi wenyewe, kwenye karatasi ambazo zina nguvu.

Kuna nchi zimelifanyia kazi jambo hili pwani kwao, na inafaa kuchukua kinachotusaidia. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria ya pwani mwaka 1976, ikaipa Tume ya Pwani nguvu ya kulinda nyumba za watu wa kipato cha chini na cha kati. Mwaka 1981 bunge la jimbo liliondoa nguvu hiyo kwa Tume, likawabebesha jukumu hilo miji na kaunti kupitia sheria inayoitwa Mello Act, iliyoanza 1982. Inasema hivi: anayebomoa nyumba za watu wa kipato hicho katika ukanda wa pwani lazima azijenge nyingine badala yake, hapo hapo au ndani ya ukanda huo inapowezekana, la sivyo ndani ya maili tatu, karibu kilomita 5, kutoka ukanda huo, tena ndani ya miaka mitatu tangu kazi ianze. Majengo madogo yenye nyumba chini ya tatu kwa kawaida yanasamehewa. Na mwenye nyumba akimfukuza mpangaji ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuomba kibali ili akwepe sheria, nyumba hiyo bado inahesabiwa kuwa ya mpangaji huyo. Miradi mipya nayo inatakiwa iweke nyumba za watu hao pale inapowezekana, na neno hilo la mwisho ndilo mlango ambao wajenzi wengi wamepitia kutokea.

Tunachukua mambo manne: orodha ya wakaaji kabla ya kubomoa, mahali pa badala palipotajwa, tarehe, na kutoacha maneno kama "ikiwezekana". Yaweke hivi.

Kama kiwanja kina nyumba za mbao zenye wapangaji, fanya orodha yao kabla ya yote: jina, idadi ya watu, vyumba, kodi ya sasa, tangu lini. Kila mmoja atie sahihi, shefu wa kartie aweke muhuri. Andika mkataba mbele ya notere (afisa anayethibitisha mikataba) unaosema nani anarudi kwenye nyumba ipi, kwa kodi gani, kufikia tarehe gani, na ataishi wapi wakati wa ujenzi na nani analipia. Ambatanisha mkataba huo kwenye dosie ya kibali. Hata kama ofisi haikuudai, ukishapigwa muhuri wa kupokelewa unakuwa sehemu ya kile kilichoombwa.

Kwa koperative, weka kwenye katiba kipimo cha kodi. Msiandike dola fulani, kwa sababu miaka mitano dola hiyo itakuwa haina maana. Andikeni hesabu: gharama za mwaka za kutunza nyumba, kodi ya Serikali, akiba ya matengenezo na kurudisha mkopo, zigawanywe kwa nyumba nne na miezi kumi na miwili. Sehemu hiyo ya katiba ibadilishwe kwa kura ya robo tatu ya wanachama tu. Na kwenye mkataba wa kila mpangaji, kumbukeni sheria ya tarehe 31 Desemba 2015: dhamana ya nyumba ya kukaa haizidi miezi mitatu. Wengi mjini wanadai sita, hata kumi na miwili. Nyumba inayodai dhamana ya mwaka mzima si nafuu, hata kama kodi yake ya mwezi ni ndogo.

Msingi, shenaji, matofali

Safu yetu ina takriban mita 70 za msingi ukijumlisha kuta za nje na kuta tatu za kati. Mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha 80 unatoa mita za ujazo 28 za mawe. Theluthi moja ni mota, yaani mita za ujazo 9.3, kwa mifuko 6 ya simenti ya kilo 50 kila mita ya ujazo, ni mifuko 56. Kwenye mteremko, sakafu ya mtaro ichimbwe kwa ngazi za usawa. Mtaro unaoinama kufuata mlima ni reli ya nyumba kuteleza.

Shenaji ziwe mbili, moja juu ya msingi na moja juu ya kuta. Kila moja ya sentimita 20 kwa 20 ina mita za ujazo 2.8 za zege. Kwa kipimo cha kilo 350 za simenti, yaani mifuko 7 kwa mita ya ujazo, ni mifuko 20 kila moja, 40 kwa zote. Nondo nne za milimita 10, pamoja na asilimia 15 za kupandishana, zinadai vipande 27 vya mita 12 kwa shenaji moja, 54 kwa zote mbili. Fundi akikuambia shenaji ya juu si lazima kwa nyumba isiyo na ghorofa, mwonyeshe kuta zilizoanguka mwaka 2008. Hiyo ndiyo inayofunga kuta nne zisifunguke ardhi ikitikisika, na kwenye kona nondo zipinde na kuingia upande wa pili angalau sentimita 50. Nondo zinazoishia kwenye kona hazifungi chochote.

Matofali ya kuchoma usiyahesabu kwa mazoea, maana kila tanuru lina kipimo chake. Panga kumi, pima, chukua wastani. Tofali la sentimita 22 kwa 11 kwa 6, kwa mota ya sentimita 1.5 na ukuta wa unene wa 11, linaingia 57 kwa mita mraba. Ongeza asilimia 8 za kuvunjika, unapata 62.

Kupunguza gharama, kuta za mbele na nyuma zinaweza kuwa nusu matofali, nusu mbao: matofali hadi mita moja, mbao juu yake. Ni nyepesi, na mtetemeko haziogopi sana. Lakini kuta za kati, zinazotenganisha familia na familia, ziwe za matofali mpaka zipite bati kwa sentimita 20. Moto wa Nyamugo na sehemu nyingine za Kadutu huruka nyumba hadi nyumba kupitia darini. Hapa usibane hata tofali moja.

Maji: ya bati na ya choo

Paa la safu yetu, pamoja na sentimita 60 za kutokeza kila upande, lina karibu mita mraba 153. Mvua ya milimita 40, ambayo si ajabu Bukavu, inaangusha juu yake lita 6,100 kwa muda mfupi. Maji hayo yakidondoka nyuma ya nyumba, pale ulipokata mlima, umetengeneza maporomoko kwa mikono yako. Weka mfereji wa bati pande zote mbili, tangi la lita 1,000 au zaidi kwa kila nyumba mbili, na kanivo (mtaro wa maji) ya mawe na simenti inayobeba yanayofurika hadi kwenye kanivo ya mji. Usiiishie kwa jirani wa chini. Nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo jaza kokoto, na acha bomba la kutolea maji kila mita 1.5, ukuta usio na matundu husukumwa na maji hadi unaanguka.

Choo ndicho kosa kubwa zaidi kando ya ziwa. Nyumba nne za watu sita ni watu 24. Kwa lita 40 za maji machafu kila mtu kwa siku, siku mbili za kutulia ni lita 1,920. Tope la miaka mitatu, kwa lita 40 kila mtu kwa mwaka, ni lita 2,880. Jumla lita 4,800. Tangi la ndani la mita 2.5 kwa 1.4, kina cha maji mita 1.5, linatosha: lina lita 5,250. Ligawe vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Maji yanayotoka hapo yanahitaji shimo la kunyonya, nalo liwe angalau mita 30 kutoka ziwani na kutoka chemchemi yoyote, sakafu yake ikiwa mita 1.5 juu ya maji ya ardhini.

Kwenye mteremko mkali wa mfinyanzi, shimo la kunyonya lililowekwa juu ya nyumba hulowesha udongo usiku na mchana, mvua au kiangazi. Liweke pembeni, mbali na ukuta wa kuzuia udongo. Kama kiwanja hakina nafasi hiyo, punguza nyumba ziwe tatu. Kupeleka bomba ziwani ni kuwanywesha uchafu watu wanaochota maji hapo chini, na mkaguzi akiliona kibali kinasimama.

Wakati wa kazi, na baada yake

Chimba mwezi wa sita. Kiangazi kinakupa hadi mwisho wa Agosti kumaliza msingi, ukuta wa kuzuia udongo na kanivo. Mvua za Septemba zikikukuta na mkato wazi, ufunike kwa bashi (turubai) na usimwache mtu alale chini yake. Ukibadilisha kitu kwenye plani, hata dirisha la upande wa ziwa, rudi Urbanismi na mchoro mpya kabla ya kujenga. Chumba cha ziada ambacho hakimo kwenye kibali ndicho kinachowapa watu wa kupita sababu ya kudai pesa kila mwezi.

Ukimaliza, waite Kadastri na Urbanismi waone kilichojengwa, na upeleke ushahidi wa kuendeleza kiwanja kwa Konservateri kama ulianza na mkataba wa miaka 3: bila hatua hiyo hupati sertifika, na mkataba ukifika mwisho umebaki na nyumba juu ya ardhi isiyo yako. Plani za mwisho, zenye mahali pa mabomba ya maji ya REGIDESO, nyaya za umeme za SNEL na tangi la choo, ziwe na nakala mbili, moja kwa koperative na nyingine kwa mpangaji aliyechaguliwa kusimamia. Yeye ndiye atakayesafisha kanivo kila mwisho wa Agosti na kupima tope la tangi kwa fimbo mara moja kwa mwaka: likifika theluthi moja ya kina, agiza gari la kunyonya, na gharama itoke kwenye akiba iliyokwisha kuhesabiwa ndani ya kodi.